Mkasi wa Kuazima

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesimama kwenye kitalu cha kahawa cha mama yangu, pale karani wa gazeti aliponiuliza mama amesemaje. Nikamjibu maneno mawili: "Amesema hataki." Ulikuwa uongo. Hakuna aliyenishurutisha kuusema. Ningeweza kabisa kukataa, na kwa karibu miaka sabini sasa nimetamani ningekataa.

Sikuwa nimepanga kuyaandika haya. Lakini juma lililopita mjukuu wangu wa kike, anayefanya kazi ya utangazaji, alikuja hapa kwangu Ilomba na mkoba wa vifaa. Anatengeneza kipindi kuhusu wanawake waliolima kahawa zamani katika milima yetu. Aliketi, akanywa chai, akasema, "Babu, nataka picha ya mama yako."

"Sina."

"Hata ile ndogo ya kitambulisho?"

"Mama yangu hakuwahi kuwa na kitambulisho."

"Basi nieleze alifananaje. Nitamweka kwa maneno."

Nilichomjibu nitakuambia, rafiki yangu, ila si sasa. Kwanza twende Rungwe, kwenye migomba, katikati ya miaka ya hamsini.

Wewe uliyezaliwa kwenye jua hujui mvua yetu. Kule milimani mvua haikuwa na msimu. Ilikuwa kama jirani anayeingia bila kupiga hodi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya migomba, na sauti ya kwanza uliyoisikia ilikuwa matone yakidondoka kutoka jani la juu hadi la chini, tap, tap, kisha ng'ombe akipumua nyuma ya ukuta wa mianzi. Mama alikuwa ameshaamka. Harufu ya moshi wa kuni mbichi, maziwa yanayochemka, ndizi mbichi zinazomenywa kwa ajili ya mbalaga, chakula chetu cha ndizi za kupika. Hayo ndiyo yaliyoniamsha, si jogoo.

Mama aliitwa Tusekile, yaani tumecheka, na jina lilimfaa. Alicheka kwa mwili mzima, mpaka kikapu kilichokuwa kichwani kikatikisika. Baba alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu na alikuja nyumbani mara chache, kwa hiyo kila kitu pale kilikuwa mikononi mwa mama, ingawa kila kitu kilikuwa kwa jina la baba. Hata kahawa. Kwenye daftari la bwana shamba kahawa ilikuwa ya baba, mtu ambaye, nadhani, asingeweza kutofautisha mche wa kahawa na mche wa mchongoma.

Kitalu cha mama kilikuwa chini ya nyumba, karibu na kijito. Alikunja maganda makavu ya mgomba yakawa vikopo, akavifunga kwa kamba za mgomba wenyewe, akajaza udongo aliouchanganya na samadi ya zamani na majivu ya jikoni. Juu aliweka paa la majani ya migomba, aliloliondoa saa za asubuhi na kulirudisha jua likipanda. Miche ya watu wengine ilioza mizizi. Ya kwake ilisimama mistari kwa mistari, ikimeta kama imepakwa mafuta. Watu walivuka mto kuja kuomba. Aliwapa, kisha akawafuata hadi mashambani kwao kukagua, na aliyepanda vibaya alikemewa mbele ya watoto wake.

Sasa lazima nikueleze kuhusu babu, mzaa baba, maana bila hilo hutaelewa lolote.

Kwetu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami yeye. Si kwa chuki. Ni heshima, na ilishikwa kuliko amri za kanisani. Babu aliishi ng'ambo ya migomba, umbali wa kutupa jiwe, na katika miaka kumi na mitano ya ndoa hakuwahi kuuona uso wa mama yangu. Njia ikiwakutanisha, mama aliruka pembeni, akainama nyuma ya mgomba na kujifunika nguo mpaka hatua zipite. Jina la babu lilifanana na neno letu la mvua, kwa hiyo mama hakutamka mvua maisha yake yote pale. Alisema "ya juu." "Watoto! Ya juu inakuja, anueni nguo!"

Sisi watoto tulikuwa walinzi. Tukimwona babu anashuka na fimbo yake tulipiga kelele, "Mzee anapita!" na mama alitoweka. Siku moja tulipiga kelele hizo kwa mzaha, babu hayupo, na mama akaruka moja kwa moja ndani ya tope la ng'ombe. Alitoka ameoga mavi mpaka kiunoni. Tulitarajia fimbo. Akatutazama, akajitazama, akaangua kicheko kile chake. Tulimchotea maji hadi jioni kama adhabu, naye akicheka kila tulipopita na ndoo.

Na bado walipendana, wale wawili wasioonana. Mama alimpelekea maziwa kwa mikono yetu, na babu alirudisha kibuyu kikiwa na kitu ndani yake: asali kidogo, tumbaku ya bibi jirani, siku nyingine kombe zuri la mti alilochonga mwenyewe. "Mwambieni yule," alisema, "maziwa ya leo yalikuwa na harufu nzuri ya moshi." Hakusema zaidi.

Gazeti lilikuja mara moja kwa mwezi. Jumapili baada ya ibada, mwalimu wa shule ya misheni alisimama kwenye baraza ya kanisa akalisoma kwa sauti, akitafsiri kwa Kinyakyusa alipoona nyuso zimepotea. Wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi. Wanawake walikaa nyuma kwenye majani, wakimenya karanga na kunyonyesha. Alisoma habari za machifu, za barabara, za wanaume wenye fahali wakubwa na wanaume wenye baiskeli mpya. Akimaliza, gazeti lilizungushwa mkono kwa mkono ili watu watazame picha, na lilipofika nyuma wanawake walikwenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho.

Pale kulikuwa na mwanamke. Kila mwezi yule yule, kwenye tangazo la sabuni: kitambaa cheupe kichwani chenye fundo mbele, mwanya kati ya meno, shavu la mviringo, povu hadi kwenye viwiko. Hakuwa na jina. Wakambatiza Mama Sabuni.

"Ugonile, Mama Sabuni! Bado unafua tu?"

"Mwezi mzima! Mume wake ana mashati mangapi huyu?"

"Muache. Mume wake yuko ukurasa wa kwanza, kwenye mkutano."

Mama yangu ndiye aliyesema hilo la mwisho, na mabenchi ya mbele yaligeuka kuona kuna nini, maana wanawake walikuwa wamelala chini kwa kucheka. Walimtungia maisha yule mwanamke: ana ng'ombe watatu, mama mkwe mkali, na goti linalomuuma siku za baridi. Jirani yetu fundi cherehani aliapa kwamba mwezi fulani amenenepa.

Lakini nakumbuka siku moja tunarudi nyumbani, mama akasimama kijitoni. Pale akasema, "Nimehesabu. Katika gazeti lote mwanamke ni mmoja, naye hana jina na amefungiwa kwenye beseni. Ni kama mtu amepanda mstari mmoja na kuruka mmoja, halafu anasimama kusifu shamba lake." Tulipofika nyumbani akachukua kipande cha mkaa akaandika jina lake kwenye ukuta wa mianzi, kama nilivyomfundisha kutoka kwenye vitabu vyangu vya zamani. Herufi ya S iligeuka nyuma. "Nataka mtu wa mbali alisome hili," alisema, "mtu asiyejua mimi ni mama wa nani."

Wakati huo nilikuwa nasoma Iringa, kwenye shule ya bweni. Kule hewa ni kavu, upepo unasukuma vumbi jekundu hadi kwenye uji, na ugali ulikuwa mgumu kiasi kwamba tuliukata kwa kamba. Nilipenda shule, sitaficha. Nilipenda kaptula ya kaki na soksi ndefu. Wenzangu wa Kihehe walituita sisi wa Rungwe wala ndizi, nasi tuliwaita wao wala vumbi, na wote tuliliona gazeti la jimbo kwenye ubao wa maktaba. Mvulana mmoja wa darasa letu alikuwa ametokea ndani yake, nyuma kabisa, akishika kamba ya fahali wa mjomba wake. Kwa muhula mzima alitembea kama chifu.

Nilirudi nyumbani likizo nikakuta habari: bwana shamba amemwambia karani wa gazeti kuhusu kitalu, na karani anakuja kupiga picha.

Baba mkubwa, kaka wa baba, aliitisha kikao uani. Alikuwa mtu mzuri mwenye wasiwasi mwingi. Tatizo lake, nalo si la kuchekwa, lilikuwa hili: babu hakujua kusoma lakini alipenda mno magazeti. Kila toleo mwalimu alipomaliza kulisoma, babu alipewa, naye alilibandika kwa gundi ya uji kwenye ukuta wa nyumba yake mpaka chumba kizima kikawa gazeti.

"Picha haina nguo ya kujifunika," baba mkubwa alisema. "Haina mgomba wa kujificha nyuma yake. Itakaa pale ukutani inamtazama mkwe wake, usiku na mchana! Mzee anakula, inamtazama. Mzee anavua nguo, inamtazama. Mmewahi kusikia jambo kama hilo?"

Wazee walitikisa vichwa. Hakika hawakuwahi.

Mama alikuwa ameketi kando na wanawake, akichambua maharage. Akasema bila kuinua kichwa, "Shemeji, mkasi upo kwa ajili gani?"

"Mkasi?"

"Gazeti la mzee mnikate mimi kwa mkasi. Mumpe lililobaki. Nimeshaazima mkasi kwa jirani, tena ameunoa."

Kicheko kikalipuka, hata baba mkubwa akacheka huku akijaribu kukunja uso. Mwishowe akasema, "Haya. Siku ya siku mwenyewe ataulizwa, na mwenyewe atajibu." Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Kila kitu kiliachwa kwenye jibu la mama.

Siku ya karani nilivaa sare yangu ya shule. Sikuwa na sababu ya kuivaa, ilikuwa likizo. Mama alioga kijitoni alfajiri, akajipaka mafuta ya ng'ombe, akavaa nguo yake moja nzuri. Lakini alipofika kitaluni akaona paa limeinama, akaingia chini yake kulisimamisha, na alipotoka nguo ilikuwa na madoa ya utomvu wa migomba na miguu yake ilikuwa tope tupu. Mkasi ulikuwa juu ya kigoda, umefungwa kwa kitambaa.

Bwana shamba alimleta karani kwa gari, akamshusha, akaenda zake kuwaona wakulima wa bondeni. Karani alikuwa mtu wa Pwani, mpole, viatu vyake vimeshaharibika, Kiswahili chake kinateleza kama samli. Kinyakyusa hakujua hata neno. Baba mkubwa alijua Kiswahili cha salamu na cha sokoni tu. Kwa hiyo niliitwa mimi.

"Mwulize mama kama yuko tayari nimpige picha," alisema karani.

Nilimwuliza. Mama akajibu haraka, anacheka, maneno yakikanyagana: "Mwambie niko tayari tangu jana! Mwambie aandike jina langu, si la mume wangu, nitamwonyesha herufi zake. Na mwambie gazeti moja litakatwa, asije akakasirika, mkasi uko pale."

Karani akanigeukia. "Amesemaje?"

Nitakuambia nilichokiona wakati huo, maana nimekitazama mara nyingi tangu hapo. Niliona ubao wa maktaba kule Iringa. Niliona wavulana wamejazana mbele yake, na juu yake mama yangu akiwa na tope miguuni na utomvu kifuani, mdomo wazi kwa kicheko, na S iliyogeuka nyuma. Nikajiona na mimi: kaptula ya kaki, soksi, nimesimama wima.

"Amesema hataki," nikamwambia. Na aliponitazama nikaongeza, "Anaona aibu."

Mtu ambaye hakuwahi kuona aibu hata alipotoka kwenye tope la ng'ombe.

"Basi, hatumlazimishi," alisema karani kwa heshima. "Simama wewe hapo, kijana msomi."

Mama hakujua Kiswahili, lakini kuna maneno ambayo kila mtu anayajua, na hataki ni mojawapo. Kicheko kilitoka usoni mwake taratibu. Alinitazama. Angeweza kusema. Baba mkubwa alikuwa pale, ameangalia kando kama mtu aliyetuliwa mzigo, watoto walikuwa pale, angeniumbua mbele ya mgeni. Badala yake alichukua kikapu cha miche, akaniwekea mikononi, akanisogeza vidole kimoja kimoja. "Shikilia kwa chini," alisema. "Ukishika hivyo inalalia upande." Kisha akarudi nyuma, nyuma kabisa, hadi kwenye migomba, pale alipozoea kusimama mtu asipotakiwa kumwona.

Mkasi ulirudishwa kwa jirani bila kukata kitu.

Gazeti lilifika kabla likizo haijaisha. Nilikuwa ukurasa wa mwisho, juu kabisa ya Mama Sabuni, na chini yangu maneno yaliyosema kijana msomi na miche ya kahawa ya baba yake. Mwalimu aliyasoma mara mbili. Mabenchi ya mbele yalipiga makofi. Gazeti likaenda nyuma, mkono kwa mkono, hadi kwa wanawake. Wote walimtazama mama. Yeye alilishika mbali kidogo na macho, kama mtu anayesoma, na akasema:

"Haya, jamani, mpeni hongera Mama Sabuni. Amejifungua mtoto wa kiume, tena amezaliwa na soksi!"

Walicheka mpaka mchungaji akatoka ndani. Mimi pia nilicheka. Nilifikiri nimesamehewa, na labda ni kweli. Hakunikumbusha hata siku moja.

Aliyenikumbusha ni babu. Nilimpelekea gazeti mwenyewe, nikijivuna. Alilisogeza kwenye mwanga wa mlango, akalitazama muda mrefu, akaligeuza upande wa pili, akarudi.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Ni mimi huyu, babu."

"Wewe nakuona kila likizo. Yule wa miche yuko wapi?"

Nikamwambia hakupigwa. Akakaa chini kwenye kitanda chake. Pale ukutani, juu ya kichwa, katikati ya magazeti yote, kulikuwa na nafasi tupu, imesafishwa na kupakwa gundi ya uji iliyokuwa imeanza kukauka.

"Nilisikia habari za mkasi," alisema. "Nikamwambia mwalimu aniletee mimi gazeti zima, lisilokatwa, kwa siri. Karatasi si mtu. Karatasi nisingeikosea heshima." Akaigusa ile gundi. "Amenipa maziwa miaka kumi na mitano. Nilitaka kumwona mara moja."

Nafasi ile hakuibandika kitu. Mimi alinibandika karibu na mlango, chini, ambako ndama waliingia kujikinga na mvua, na kabla ya muhula kuisha ndama mmoja alishaulamba uso wangu wote, kwa ajili ya gundi. Kule Iringa nilitembea kama chifu. Waliniita Bwana Miche hadi nilipomaliza shule.

Babu alifariki mwaka uliofuata, hajamwona. Mama alifariki kwa homa miaka miwili baadaye, nami nikiwa Iringa kwenye mitihani; barua ilinifikia akiwa ameshazikwa. Karani hakurudi tena. Nyumba ya mianzi yenye jina lake la mkaa ilianguka, na mahali pa kitalu sasa pana nyumba ya bati ya watu nisiowajua. Kahawa bado ipo huko, baadhi yake ni wajukuu wa miche ile, sina shaka. Wanawake wanapita barabarani kweupe, hawaruki migombani kwa sababu ya mkwe, nami nashukuru. Mjukuu wangu ana picha zake mwenyewe nyingi kwenye simu hata hajui idadi.

Basi aliponiambia nimweleze mama alifananaje, nilifumba macho nikaanza kwa furaha. Nikamwambia alikuwa na shavu la mviringo. Alikuwa na mwanya, hapa mbele. Alifunga kitambaa cheupe chenye fundo juu ya paji la uso. Mjukuu aliandika haraka. "Mzuri," alisema. "Endelea, babu."

Sikuweza kuendelea. Mama yangu hakuwahi kuwa na kitambaa cheupe.

Nimejaribu kila asubuhi tangu siku ile. Kicheko chake nakisikia vizuri kabisa. Vidole vyake vinavyosogeza vyangu kwenye kikapu navihisi. Lakini nikiutafuta uso anakuja yule wa sabuni, na nyuma yake hakuna mtu mwingine. Nilimwambia mjukuu afute aliyoandika, aweke jina tu. Uso wa mama yangu nimeusahau, na picha ambayo ingenikumbusha niliikataa mimi.